Waingereza wa ughaibuni na Sikukuu ya Mtakatifu George: mbona wanaisherehekea kwa kujifichaficha?

Mwana Pangani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Nahudumia wazee majumbani, mkoa wa Alicante, Hispania. Ninaowahudumia karibu wote ni wastaafu wa Kiingereza. Na nikisema Waingereza humu nakusudia wa England hasa, Waskoti na Wawelshi wana mambo yao. Alicante ndio mkoa wa Hispania wenye Waingereza wengi kuliko mwingine wowote. Kuna vijiji ukiingia duka la mkate unasalimiwa kwa Kiingereza kwanza.

Kila Aprili ikifika tarehe 23 najionea kioja. Ni sikukuu ya Mtakatifu George, msimamizi wa England. Sisi tuliokulia parokiani tunajua siku ya somo inavyokuwa: ng'ombe anaanguka, kwaya inashona sare mpya, vigelegele toka alfajiri. Wenzetu hawa wana somo wa nchi nzima na hawajui wamfanye nini.

Mzee mmoja wa Yorkshire ninayeanza naye asubuhi ana bendera ya msalaba mwekundu kwenye kitambaa cheupe, kaihifadhi droo moja na vitambaa vya meza. Siku yenyewe anaitoa, anaipiga pasi mwenyewe (pasi ya nguo nyingine zote ni kazi yangu), kisha anaitundika nyuma ya mlango wa jikoni. Nyuma ya mlango, wakuu! Jirani hata achungulie vipi haioni. Nikamuuliza mbona usiiweke kibarazani, Wahispania si wanatundika zao? Akajibu, "Watadhani mimi mhuni wa mpira."

Jirani yake, mama mmoja mzaliwa wa Kent, yeye hataki hata kuiona. Anasema wameshaiharibu. Lakini tarehe 17 Machi, siku ya Mtakatifu Patrick wa Waayalandi, mama huyohuyo alivaa kofia ya kijani, akanywa bia nyeusi na akaimba mpaka baa ikafungwa. Hana hata shangazi wa Ireland.

Nikaanza kudodosa mmojammoja, huku nawapima presha. Majibu hayafanani, ila yote yana kigugumizi. Kuna anayesema siku hiyo ni ya wabaguzi. Yupo anayelalamika kwamba Waskoti na Waayalandi wanaruhusiwa kujipenda ila Mwingereza akijipenda anaambiwa mbaguzi. Mwingine anakuuliza, "Kwani ni lini?" Na wapo ambao kwao England hawakuwahi kuikumbuka siku hiyo hata mara moja, wamefika huku ndio wanatafuta ua jekundu la waridi la kubandika kifuani.

Ninavyoona mimi, soni ya bendera ipo, lakini haiko peke yake. Nitarudi baadaye nieleze, nina zamu ya jioni.

Kiparachichi

Naweka kambi hapa.

Fundi Saa

Mleta mada, George mwenyewe hakukanyaga England hata siku moja. Akija leo hapati viza.

Mwana Pangani

Fundi Saa, utani huo huku unasemwa kila mwaka, nadhani wanagawana zamu. Lakini ni kweli. Mapokeo yanasema alikuwa askari wa Kirumi mwenye asili ya Kapadokia, Uturuki ya leo, akauawa kwa imani yake kule Lydda, Palestina, mwaka 303, zama za Kaisari Diocletian. Joka na binti mfalme viliongezwa karne nyingi baadaye.

Waingereza walikuwa na watakatifu wao wa damu kabisa: Mfalme Edmund aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869, na Mfalme Edward Muungama. Aliyempandisha George ni Edward wa Tatu. Alipoanzisha udugu wake wa mashujaa wa vita uitwao Garter mwaka 1348 alitaka mtakatifu wa kijeshi, wa vita vya Ufaransa. Baada ya ushindi wa Agincourt mwaka 1415 sikukuu ikapandishwa daraja ikawa kubwa kama Krismasi. Matengenezo ya dini ya Waprotestanti yakaja, watakatifu wakapunguzwa, taratibu ikafifia. Kwa hiyo mtakatifu huyu aliletwa na mfalme kwa kazi ya mfalme. Kazi ilipoisha, wananchi hawakuachiwa ngoma yao ya kuendelea nayo.

Eastlando

Hii imenikumbusha kitu. Guka (babu) alikuwa anasimulia vile walikuwa wakipangwa mstari uwanjani tarehe 24 Mei, Empire Day. Siku ya kuzaliwa ya Queen Victoria. Watoto wanapiga saluti kwa Union Jack, bendera ya Uingereza nzima, wanapewa peremende, wanaenda nyumbani. George? Hakumtaja hata siku moja. Hawa watu wakiwa huku walikuwa na empire nzima ya kusherehekea, mambo ya mtakatifu wa kijiji yangewasaidia nini?

Mwana Pangani

Eastlando, umenitangulia, ndiko nilikokuwa naelekea. Mtu akiwa ndiye mwenye nyumba hajitambulishi mlangoni. Mskoti na Muayalandi walijitambulisha kwa sababu ndani ya Uingereza wao ndio walikuwa wageni wa meza. Mwingereza aliona kwamba England na Uingereza ni kitu kimoja, na ufalme na jeshi na bunge ndio yeye. Mpaka leo England haina bunge lake wakati Waskoti na Wawelshi wana mabunge tangu 1999, na timu ya England ikiingia uwanjani inaimbiwa wimbo wa Uingereza nzima.

Halafu kuna bendera. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 pale Wembley, England na Ujerumani Magharibi, ukitazama picha majukwaa yamejaa Union Jack. Msalaba wa George ulikuwa bendera ya minara ya makanisa. Kufika Euro ya 1996, uwanja uleule, majukwaa ni meupe na mekundu. Mpira ndio uliowarudishia bendera yao. Na mpira huohuo ndio uliomharibia mzee wangu: Wahispania na Wafaransa wengi bendera ile waliifahamu kupitia televisheni, Marseille 1998, Marseille tena 2016, viti vinarushwa, polisi wanapiga mabomu ya machozi. Mzee yupo Alicante anamwagilia ndimu zake, lakini anabeba mzigo wa vijana waliolewa Marseille.

Mbeya to Birmingham

Mimi nipo Birmingham, ngoja niseme la upande huu.

Msalaba ule nikiuona kipindi cha Euro au Kombe la Dunia sina shida nao. Kinyozi wangu Mjamaika anautundika, muuza kebabu Mkurdi anautundika, mtaa mzima unapendeza. Lakini kiangazi cha 2025, hasa Agosti, mambo yalikuwa mengine. Unaamka asubuhi, nguzo za taa zote zina bendera, vimzunguko vidogo vya barabarani vimepakwa rangi nyeupe na msalaba mwekundu. Kuanzia huku Birmingham mpaka miji kibao. Hapakuwa na mechi. Wengine walisema ni mapenzi ya nchi tu, na naamini wapo waliokuwa na nia hiyo. Lakini yalikuwa ni majira yaleyale ya maandamano nje ya hoteli za waomba hifadhi. Mwanangu akaniuliza, "Baba, kuna mechi leo?" Nikakosa jibu la kumpa mtoto.

Na tusisahau tarehe 11 Julai 2021. Rashford, Sancho na Saka, wachezaji weusi wa England, walipokosa penalti kwenye fainali ya Euro dhidi ya Italia walitukanwa usiku uleule, na baadhi ya waliowatukana walikuwa wamejifunika bendera hiyo mchana kutwa. Mimi ningekuwa yule mama wa Kent nisingeitundika hata chooni.

Kigugumizi chao mnakiona hata kwenye sensa. Mwaka 2011 England na Wales, waliojiandika Waingereza wa England tu walikuwa karibu asilimia 58. Mwaka 2021 wakashuka hadi karibu asilimia 15, wengi wakajiandika Waingereza wa Uingereza nzima. Unafikiri watu walibadilika moyo miaka 10? Kwenye fomu ya England kisanduku cha Uingereza nzima kiliwekwa juu, basi watu wakatiki cha kwanza. Wataalamu wenyewe wa takwimu walisema mpangilio huo huenda umechangia.

Jicho la Samaki

Hapo kwenye sensa nimecheka kwa sauti daladalani.

Fundi Saa

Jamani mnazunguka mbuyu. Sababu ni moja: sio siku ya mapumziko! Ireland ya Kaskazini Mt. Patrick ni mapumziko. Scotland walipitisha sheria ya mapumziko ya Mt. Andrew, msimamizi wao, mwaka 2007. England bure. Chama cha Labour kiliahidi kwenye uchaguzi wa 2017, na tena wa 2019, kwamba siku zote nne za watakatifu wasimamizi wa nchi za Uingereza ziwe mapumziko, kikashindwa mara zote mbili. Wape watu siku wasiende kazini uone kama hawajachoma nyama.

Mwana Pangani

Fundi Saa, wastaafu wangu kila siku kwao ni mapumziko na bado wanatundika bendera nyuma ya mlango. Scotland kwenyewe waajiri hawalazimiki kutoa siku hiyo, wengi wanakwenda kazini kama kawaida. Na Newfoundland kule Kanada, Mt. George ni mapumziko ya serikali ya jimbo, Jumatatu ya karibu na tarehe 23. Sijamsikia mtu akipanda ndege kwenda kuangalia.

Tena hata tarehe haitulii. Ikigongana na wiki ya Pasaka, Kanisa la England linaisogeza mbele. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili, sikukuu ikapelekwa tarehe 28. Baa zikafanya 23, kanisa likafanya 28, mzee wangu akapiga pasi mara mbili.

Mzenji wa Ruwi

Assalaam alaykum wana ukumbi. Nipo Muscat, nimefanya kazi na hawa Waingereza wa mafuta muda mrefu. Hapa siku hiyo husikii chochote. Mwaka 2022 iliangukia ndani ya Ramadhani, ndio kabisa. Waskoti ndio wenye makelele, sketi zao na zumari zao. Mwingereza ukimuuliza sikukuu yake anakwambia Krismasi.

Ila nataka kuongeza jambo. Huyu George kwa watu wa Sham, yaani Syria na Palestina, si mgeni hata kwa Waislamu. Karibu na Bethlehemu kuna kijiji kinaitwa Al-Khader, yaani Khidhri, mja mwema wa mapokeo ya Kiislamu, na kanisa lake ni la huyohuyo George. Sikukuu yao inakuwa mwanzoni mwa Mei kwa kalenda ya zamani, na Wakristo na Waislamu wanakwenda pamoja kutimiza nadhiri zao. Na huko Lydda kanisa lake na msikiti wa Khidhri vimeshikana ukuta. Sasa mtu wa namna hiyo kumfanya bendera ya kuchukia wageni, huo si ujinga huo?

Kiparachichi

Na Wahabeshi je? Saint George ya Addis Ababa, timu ya tangu 1935, inatusumbua kwenye mashindano ya Afrika, mnadhani jina walipewa na Waingereza? Kanisa lake Lalibela limechongwa mwamba mzima kushuka chini, umbo la msalaba. Vita vya Adwa mwaka 1896 dhidi ya Waitalia, tabot (kibao kitakatifu cha kanisa) ya Giyorgis, yaani George, ilikuwepo vitani. Kule George ndiye aliyempiga mkoloni.

Mwana Pangani

Mzenji na Kiparachichi mmeniwashia taa. Sasa niwape la huku, maana hapa ndipo penye utamu.

Kutoka pwani ya Benidorm, mwendo wa kama saa moja kwa gari ukipanda mlimani, kuna mji unaitwa Alcoi. Msimamizi wao ni nani? George! Na sherehe yao ni miongoni mwa sherehe kubwa kabisa za George duniani. Kawaida inafanyika kuzunguka tarehe 22 hadi 24 Aprili, siku tatu. Asili yake ni mwaka 1276, kiongozi Mwislamu aitwaye Al-Azraq aliposhambulia mji. Wenyeji wanasema George alionekana juu ya kuta akiwa na farasi mweupe. Vita hivyo vinaigizwa upya: mji una vikundi 28, 14 vya Wakristo na 14 vya Wamoro, yaani Waislamu wa Hispania ya zamani, na familia zinarithishana uanachama.

Waingereza wamekaa miaka na miaka chini ya mlima huo wakinung'unika kwamba George hana sherehe! Wengine hawakuwa wanajua. Nikawachukua yule mzee na yule mama, tukapanda basi.

Asubuhi wanaingia Wakristo, mchana Wamoro. Niseme ukweli, Wamoro ndio wanaopendeza: mavazi mazito ya nakshi, wanatembea mstari mmoja bega kwa bega, polepole sana, wanayumba kidogo kufuata ngoma, na mwenye kuongoza anageuka nyuma kuwatazama kwa madaha huku sigara nene iko mdomoni. Muziki wa tarumbeta na matoazi unaukusanya mgongo wako. Siku ya mwisho ni baruti. Bunduki za kizamani zinalipuka barabarani tangu asubuhi, mtu hasikilizani na mwenzake, nilimziba mzee masikio kwa pamba ya kwenye mkoba wangu wa dawa. Jioni, juu ya ngome ya mbao uwanjani, anatokea mtoto mdogo mwenye mabawa mgongoni na farasi, anarusha mishale kwa watu. Ndiye George. Watu wazima wanalia machozi.

Mzee akamgeukia mama wa Kihispania aliyesimama karibu yetu, akamwambia kwa Kihispania chake cha kuungaunga kwamba huyo ni mtakatifu wetu sisi England. Yule mama akamwangalia juu mpaka chini: "Wenu? Huyu ni wa Alcoi." Kisha akammiminia kikombe cha kile kileo chao cha kahawa. Mama wa Kent yeye alikaa kimya basi zima kurudi, halafu akasema tu, "Hawaoni soni hata kidogo." Mpaka leo sijui alikuwa anawasifu au anawalaumu.

Mzenji wa Ruwi

Ahsante kwa simulizi, ila mimi na wewe tunatazama upande tofauti wa ngome. Al-Azraq alikuwa mwenyeji wa milima ile, alinyang'anywa. Hiyo sherehe ni ya aliyeshinda.

Mwana Pangani

Mzenji, siwezi kukubishia, na ndani ya Hispania wapo wanaolisema hilohilo. Pengine ndio maana mama wa Kent alinyamaza. Ila huko wanaovaa Umoro na wanaovaa Ukristo ni ndugu wa nyumba moja, na jioni wanakula meza moja.

Nirudi kwa Waingereza. Zamani waliwahi kuwa na namna yao, tena ughaibuni. Charleston kulikuwa na chama cha Mt. George mwaka 1733, New York mwaka 1770, Philadelphia mwaka 1772, baadaye Toronto 1834. Tarehe 23 Aprili walikula chakula cha jioni na kunyanyua glasi, ndio, lakini kazi ya vyama hivyo ilikuwa kuwasaidia Waingereza waliokwama: mjane, fundi aliyekosa kazi, mtu aliyeshuka melini hana nauli. Yaani kama vyama vyetu vya kuzikana. Cha New York kipo hadi leo na bado kinasaidia wazee. Muayalandi alikuza siku yake Marekani kwa sababu hiyohiyo, alikuwa maskini na wenyeji hawamtaki, akamhitaji mwenzake. Mwingereza wa baadaye alitoka kwao akiwa na cheo, na nyumba ya kampuni inamsubiri. Hakumhitaji Mwingereza mwenzake kwa lolote, labda kwa kucheza karata. Chama kikibaki na chakula cha jioni peke yake kinakufa na wazee wake.

Kwa maoni yangu hapo ndipo kiini kilipo. Bendera kuchafuka ni la pili.

Mbeya to Birmingham

La pili kwako wewe uliye Alicante. Kwangu mimi ni la kwanza.

Mwana Pangani

Haki yako, kaka. Aliye jirani na nguzo ya taa ndiye anayeijua.

Mama Kijacho

Dada Mwana Pangani, swali. Hao wa huko sasa hivi si nao wamekuwa wahamiaji kama sisi? Nasikia tangu Brexit, Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, wanapanga foleni ya vibali.

Mwana Pangani

Mama Kijacho, umegusa penyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2021 Mwingereza hapa ni mgeni wa nje ya Umoja wa Ulaya kama mimi. Asiye na kibali anakaa siku 90 ndani ya siku 180, basi. Wenye kibali wana kadi yenye alama za vidole. Nimewahi kumsindikiza mmoja ofisi ya uhamiaji, tukakuta foleni ya Wamorocco, Wasenegali na Wacolombia, naye kashika faili lake na picha ndogo. Akaninong'oneza kama hati zake ziko sawa. Mimi! Na uchungu wa ziada: mwaka 2016 waliokuwa nje zaidi ya miaka 15 hawakuruhusiwa kupiga kura ile ya Brexit. Mama wa Kent ni mmoja wao. Anasema walioshinda walipeperusha bendera, wakamwachia yeye foleni. Sasa unamwambia aitundike tarehe 23?

Lakini hapohapo naona jambo limeanza. Umri umewafika. Waume wanakufa, watoto wako Leeds na Luton, daktari wa hospitali haongei Kiingereza. Klabu yao ya kijiji imeanza orodha ya wenye magari wa kuwapeleka wenzao hospitali, na mfuko wa mazishi, kwa kuwa huku maiti inazikwa haraka, mara nyingi siku mbili tatu, na mjane anakurupushwa. Mfuko huo wameamua kuuchangia kwenye chakula cha jioni cha Mt. George. Walibishana kikao kizima kuhusu mapambo. Uamuzi: waridi mezani, vibendera vya kamba ndani ya ukumbi, nje hakuna kitu. Nyama ya ng'ombe ya kuoka, Yorkshire pudding, bahati nasibu. Waskoti wamealikwa na wameshasema watakuja na zumari, wenyeji wakashindwa kukataa.

Fundi Saa

Bahati nasibu zawadi ya kwanza nini?

Mwana Pangani

Kapu la majani ya chai na biskuti za kwao. Usicheke, vifurushi kutoka kwao siku hizi vinapigwa ushuru huku. Mzee wa Yorkshire kanunua tiketi nyingi kuliko mtu yeyote.